Mistari yenye manyoya: kisa cha mchoraji wa mitumbwi Kibirizi

Karatasi yenyewe ni A4 ya kawaida, imechorwa kwa penseli ya HB. Katikati pana mtumbwi wa mbao uliovutwa nchi kavu, omo, yaani sehemu yake ya mbele, ikiangalia kushoto. Vipimo havina tatizo. Urefu na kimo vinaoana, mbao zimefuatana inavyotakiwa, na hata kule kubonyea kidogo kwa ukingo katikati, ambako wanaoanza kuchora wengi hawakuoni, yeye amekuona. Ila ukiisogeza karatasi karibu na macho, ukingo ule hauna mstari. Una vipande vya penseli vya sentimita moja au mbili, vimepandana, vingine vimetoka nje, vingine vimerudi ndani, na juu yake umepita ufutio ukaacha doa la kijivu. Kwa mbali mtumbwi unaonekana umeota manyoya.

Chini kulia, kwenye kona, mchoraji ameandika jina lake. Ameliandika kwa mkupuo, herufi zimeungana, mkia wa herufi ya mwisho umerudi nyuma na kupita chini ya jina lote. Hakuna mahali palipotetereka. Mkono ni uleule na penseli ni ileile. Nilipoletewa karatasi ile nililitazama jina muda mrefu kuliko nilivyoutazama mtumbwi, kwa sababu jina ndilo lililokuwa na jibu.

Mwenye karatasi ni binti aliyemaliza kidato cha nne, anaishi Mwanga hapa Kigoma, na huja kwangu jioni kujifunza kuchora pamoja na vijana wengine wachache. Jina lake naliacha; kisa ameridhia kiandikwe. Tangu shule ya msingi yeye ndiye aliyekuwa akiitwa kuchora ramani ya Tanzania na moyo wa binadamu ubaoni, kwa hiyo jicho lake limezoea kupima. Anachokitaka ni kazi ya mkono yenye kipato: kuandika majina na kuchora picha ubavuni mwa mitumbwi na boti pale Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma. Mjomba wake hukalafati mitumbwi, yaani huziba nyufa za mbao zake, na ndiye aliyemfikisha kwa tajiri mmoja aliyetaka achorewe mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, mkubwa karibu na omo. Binti akatangulia kupeleka mchoro wa karatasi. Tajiri, mzee wa makamo, akaushika, akausogeza mbali, akausogeza karibu.

"Binti, huyu samaki mbona ana manyoya?"

Kazi akapewa mtu mwingine. Mzee hakusema kwa ubaya, na alikuwa sahihi. Rangi ya mafuta kwenye ubao haifutiki kwa ufutio, na mtu anayeparaza karatasini ataparaza na mtumbwini.

Alipokuja kwangu alikuwa na maelezo yake tayari. "Shikamoo mwalimu. Tatizo langu mkono unatetemeka." Alikuwa na dawa yake pia: kaunta buku nzima aliyoijaza mistari iliyonyooka, ukurasa baada ya ukurasa, kwa sababu aliambiwa kuwa mkono hunyooka kwa kuchora mistari mingi. Mistari ya kurasa za mwisho ilikuwa mizuri kweli. Mtumbwi wa A4 aliuchora baada ya kuimaliza kaunta buku hiyo. Mistari ikanyooka kwenye daftari, manyoya yakabaki kwenye mtumbwi. Hapo ndipo kisa kinapostahili kuchambuliwa, maana wanaokwama hapo ni wengi, na wengi huishia kuamini kwamba hawana kipaji.

Nilimwomba aandike jina lake mara kadhaa, haraka, kisha polepole akiangalia ncha ya penseli. La haraka lilitoka safi kila mara. La polepole liliyumba mithili ya saini ya kughushi. Kisha nikaweka nukta mbili zenye umbali wa shubiri moja, nikamwambia aziunganishe taratibu, halafu aziunganishe kwa mwendo mmoja wa haraka. Mstari wa taratibu ulifika kwenye nukta lakini ulikuwa na mawimbi. Wa haraka ulinyooka, ukaipita nukta pembeni kwa milimita chache. Maelezo ya mkono mbovu yakaishia hapo. Mkono wenye kasoro hauwezi kuandika jina namna ile.

Baada ya hapo nikaacha kuangalia karatasi, nikaangalia mwili. Alikuwa amekaa, kiganja kimelala juu ya meza, kifundo cha mkono hakisogei, vidole vitatu peke yake ndivyo vinavyosukuma penseli. Vidole vikifika mwisho wa uwezo wao, ananyanyua penseli, anahamisha kiganja, anaanza tena. Vile vipande vya sentimita moja au mbili vilikuwa kipimo halisi cha umbali ambao vidole vyake vinaweza kufika bila msaada wa mkono mzima. Macho nayo yalikuwa yamenata kwenye ncha ya penseli. Na kati ya kipande na kipande aliinua kichwa kuutazama mtumbwi, kana kwamba anauliza: hapa niende wapi? Akijibiwa sentimita moja, anachora sentimita moja.

Kuna sababu ya kimwili inayofanya mstari wa polepole uyumbe hata kwa mtu mwenye afya njema. Kila mkono ulio hai hutetema kidogo, mara 8 hadi 12 kwa sekunde, na mtetemo huo haukomi kwa nia njema. Chukua mstari wa sentimita 20. Ukiuvuta kwa sekunde moja, mitetemo kama 10 hutandazwa juu ya sentimita 20 zote, kila mmoja ukichukua sentimita mbili; jicho haliuoni. Ukiuvuta mstari uleule kwa sekunde 10, mitetemo 100 inabanana kwenye urefu uleule, kila mmoja milimita mbili, na jicho linaiona yote. Zaidi ya mtetemo kuna masahihisho. Jicho likiona ncha imetoka kidogo kulia, ubongo hutuma amri ya kurudi kushoto, na amri hiyo hufika imechelewa kwa sehemu ya sekunde, wakati ncha imeshafika kwingine. Ukienda polepole, unajipa nafasi ya kusahihisha makumi ya mara ndani ya mstari mmoja, na kila sahihisho linaacha alama.

Robert Woodworth wa Marekani alilipima jambo hili mwaka 1899. Aliwapa watu penseli wachore mistari kwa kufuata mapigo ya chombo cha kuhesabia mwendo, mara macho yakiwa wazi, mara yakiwa yamefumbwa. Kwa mwendo wa polepole, macho yalisaidia sana kufikia shabaha. Mwendo ulipoongezwa, msaada wa macho ulipungua, mpaka ikafika kasi ambayo aliyefumba macho na aliyefumbua walikosea karibu sawa. Mchoraji anapata hapa funzo zito: mstari wa haraka hauongozwi ukiwa njiani. Unaamuliwa kabla ya kuanza, kisha unaachiliwa. Jina la binti linatoka safi kwa sababu uamuzi wake ulishafanyika miaka mingi iliyopita, na mkono unautekeleza tu. Ukingo wa mtumbwi haukuwa umeamuliwa. Alikuwa akiuamua juu ya karatasi, mbele ya watu, sentimita kwa sentimita.

Ndiyo maana kaunta buku haikumsaidia. Mistari ya daftari haikuwa na shabaha. Ilianza popote pembezoni na kuishia popote, yote kwa upande mmoja, yote ikifuatana na iliyotangulia kiasi kwamba mstari wa pili uliazima uamuzi wa kwanza, na wa tatu ukauazima wa pili. Mkono ulizoea kitendo kimoja kwenye sehemu moja ya karatasi. Kuamua wapi pa kuanzia, wapi pa kuishia na njia ipi ya kupita hakukufanyiwa mazoezi hata mara moja. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan walionyesha, kwa mazoezi ya mikono ya aina nyingine kabisa, kwamba wanaorudia kitendo kimoja mfululizo huonekana mafundi wakati wa mazoezi, lakini wanaochanganya vitendo ndio wanaobaki na ujuzi baadaye. Kurasa za mwisho za kaunta buku zilikuwa nzuri kwa namna hiyohiyo: uzuri wa palepale.

Kitu cha kwanza nilichokiondoa mezani ni ufutio, na penseli ikafuata. Akapewa peni ya wino. Wapo walimu wenzangu wanaoona huu ni ukatili kwa mwanafunzi mwenye hofu, nami naheshimu huruma yao, lakini sikubaliani nao. Ufutio unaoushika mkononi unakuruhusu kuanza mstari ambao hujauamua, kwa kuwa unajua utauondoa. Peni haitoi ruhusa hiyo. Sharti likawa moja: mstari ukikosewa haufutwi, haukatwi, hauwekewi kiraka. Unachorwa mwingine mzima kando yake, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kisha tukaenda kwa mgebuka, samaki yuleyule aliyemkosesha kazi. Nilimchagua kwa makusudi, kwa kuwa ni mwembamba na mrefu, na mgongo wake ni tao moja refu lisilo na mahali pa kujificha. Tulinunua mmoja, tukamlaza juu ya sinia. Kabla ya kugusa karatasi, binti aliweka nukta tatu tu: mdomoni, pale mgongo unapofika juu kabisa, na kwenye shina la mkia. Halafu nikamtaka aniambie kwa maneno mgongo unakwendaje. Mwanzoni alisema, "Umepinda." Hilo halitoshi. Tukarudi kwa samaki mpaka akasema: "Unapanda haraka kutoka mdomoni, unatulia kabla ya pezi, halafu unashuka taratibu sana mpaka mkiani." Sasa mstari upo, hata kama karatasi bado ni nyeupe. Katika mambo yote tuliyofanya, hili la kuutamka mstari kabla ya kuuchora ndilo ninaloliamini zaidi. Mtu akishindwa kuusema, mkono wake utaanza kuuliza maswali njiani, na maswali hayo ndiyo manyoya.

Baada ya kusema, unapitisha hewani. Peni inaelea juu ya karatasi kiasi cha kutoigusa, mkono unapita njia yote kutoka nukta ya kwanza hadi ya mwisho, unarudi, unapita tena, mpaka mwendo unazoeleka. Kisha unaishusha peni ukiwa katika mwendo uleule bila kusimama. Na jicho liko kwenye nukta ya mwisho. Hili la jicho lilimsumbua siku nyingi, kwa kuwa aliona ni hatari kuacha kuiangalia ncha. Nikamkumbusha wapiga kasia wa Kibirizi: hakuna anayeangalia kasia lake linapoingia majini, wote macho yako kule wanakokwenda. Siku iliyofuata alikuja akasema amewachunguza na ni kweli.

Kuhusu mkono, nilimsimamisha ubaoni na chaki. Ubao una faida moja kubwa: ukilaza kiganja unafuta kazi yako mwenyewe, kwa hiyo mkono unalazimika kunyanyuka na bega linalazimika kufanya kazi. Kutoka ubaoni tulihamia manila iliyobandikwa ukutani, kisha magazeti ya zamani mezani, mwisho A4. Hapa naomba niseme jambo, kwa sababu siku hizi ushauri wa kuchora kwa bega unatolewa kama sheria ya kila kitu. Bega ni la mistari mirefu. Jicho la mgebuka, miiba ya pezi, herufi ndogo za namba ya usajili wa chombo, hivyo ni vya vidole na kifundo cha mkono, na jina lake lililotoka safi kwenye kona lilikuwa la vidole. Anayelazimisha bega kwenye jicho la samaki atapata jicho lililokaa upande. Cha kufanya ni kuuliza mstari una urefu gani, kisha kuchagua kiungo kinachoweza kuumaliza bila kuhamisha mkono katikati.

Vilevile kila mkono una upande unaoupenda. Kwa anayetumia mkono wa kulia, tao linalotoka chini kushoto kwenda juu kulia hutoka kwa urahisi, kwa kuwa kiwiko kinazunguka hivyo kwa asili yake. Karatasini unaigeuza karatasi mpaka tao lako lilingane na tao la mkono. Binti alikuwa akiiweka karatasi wima mbele yake kama daftari la hesabu, na hakuwahi kufikiri kwamba inaruhusiwa kuigeuza. Kugeuza karatasi peke yake kulisafisha nusu ya mistari yake ndani ya jioni moja.

Halafu mambo yakaharibika, na sehemu hii nataka kuikalia, maana ndipo wanafunzi wengi wanapokimbia. Mistari ikawa safi, michoro ikawa mibovu. Omo ikapinda, mkuku, mti wa chini kabisa wa mtumbwi, ukapanda juu, mtumbwi ukawa na tumbo upande mmoja. Alinijia amekunja uso.

"Mwalimu, zamani mtumbwi ulikuwa na manyoya lakini ulikuwa mtumbwi. Huu wa sasa sijui hata ni kitu gani."

Alikuwa anasema kweli. Mstari wa vipande ulimruhusu kusahihisha njiani, kwa hiyo mwishowe alifika mahali sahihi akiwa amechafuka. Mstari wa mkupuo mmoja unatoa kosa lote kwa pamoja, mwishoni, wazi kabisa. Lakini tazama faida yake: kosa hilo linapimika. Tulichukua karatasi zake za wiki ile tukazipanga sakafuni, na ikaonekana kwamba karibu mistari yote mirefu ilikosea kwa namna moja. Ilipita nukta ya mwisho kwa nusu sentimita hivi, na ilidondoka chini kuelekea mwisho. Hofu au bahati mbaya haikosei upande mmoja kila mara. Chanzo chake kilionekana alipokaa kuchora: alikaa karibu mno na meza, kiwiko kikagota ubavuni, na kila mstari mrefu ukavutwa chini na mzunguko wa kiwiko. Alipokisogeza kiti nyuma na kukaa upande kidogo, kosa lilipungua bila zoezi lingine lolote. Kwenye mchoro wenye manyoya tusingeliona kosa hili kamwe. Manyoya hufunika makosa, na kosa lililofunikwa halina tiba. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi anayelazimishwa apate usahihi kwanza na usafi baadaye naona anacheleweshwa. Usafi unakuja kwanza, kwa gharama ya usahihi, kisha usahihi unarudi juu ya mstari unaosomeka.

Mazoezi yenyewe tuliyafanya mafupi, kama robo saa kila jioni, na tuliyachanganya kwa nguvu. Mgongo wa mgebuka mmoja, kisha herufi kubwa S, kisha ukingo wa mtumbwi, kisha mstari wima wa nguzo, kisha tao la mlango wa stesheni ya reli, jengo la Wajerumani ambalo kila mtu wa Kigoma amelipita, halafu mgebuka tena akielekea upande mwingine. Hakuna mstari uliofuata mwenzake wa aina moja. Ilimchosha kuliko kaunta buku, na kurasa zake zilikuwa mbaya kuzitazama, lakini kilichopatikana jioni kilikuwepo bado jioni ya pili. Nilimpa pia katuni za magazetini, za Masoud Kipanya zikiwemo, azifuate kwa peni juu ya karatasi nyepesi, kwa lengo moja tu: atafute kila mstari unaanzia wapi na unaishia wapi. Aligundua mwenyewe kwamba mistari mingi huishia pale kitu kimoja kinapopita mbele ya kingine.

Ugunduzi huo ulimfungua. Ukingo wa mtumbwi kutoka omo hadi tezi, yaani nyuma, ni mrefu mno kwa mkupuo mmoja, na yeye alidhani mchoraji mzuri huuvuta wote. Hauvutwi wote. John Tchalenko, aliyewachunguza wachoraji kule London, alionyesha mwaka 2009 kwamba wazoefu huukata mstari mgumu katika sehemu rahisi na kuzichora moja baada ya nyingine. Suala ni wapi pa kukata. Binti alikuwa akikata pale vidole vinapochoka. Sasa anakata pale wavu ulioanikwa unapopita juu ya ukingo, pale kamba ya nanga inaposhuka, pale mvuvi aliyesimama anapoufunika mtumbwi, au pale mwelekeo wenyewe unapobadilika. Kiungo kinajificha nyuma ya kitu, na anayetazama anaona mstari mmoja mrefu.

Unene wa mistari naupita haraka, ulitatuliwa kwa urahisi. Mistari yake ilipokuwa safi yote ilikuwa na unene mmoja na mchoro ukapoa. Akaanza kukandamiza peni kwenye tumbo la mtumbwi penye kivuli na kuilegeza juu panapopigwa na jua, na mtumbwi ukakaa mchangani.

Jaribio la kweli lilikuwa rangi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukikaribia kujaa, mwanga wa taa unakosa nguvu ya kuwavuta, kwa hiyo mitumbwi mingi hupumzika ufukweni. Siku hizo za mbalamwezi ndizo za kukalafati, kushona nyavu na kupaka rangi. Mjomba alimpatia mtumbwi mdogo wa rafiki yake. Rangi ya mafuta ina tabia zake. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi ya aina hiyo, ile ya kupakia baiskeli, na anayeangalia picha za mkondo wake anaona jinsi inavyotandaa laini na kubaki iking'aa. Lakini ikiwa nzito inaburuta brashi na mstari unakatika. Ikizidishiwa tina, kimiminika cha kuilainisha, inachuruzika. Binti aliijaribu kwanza kwenye kipande cha ubao, akiongeza tina kidogo kidogo, mpaka brashi moja iliyojaa ikatoa mstari wa zaidi ya shubiri bila kukauka. Urefu huo ndio ukawa kipimo cha mahali pa kukata mistari yake yote.

Ubavu wa mtumbwi haugeuzwi kama karatasi. Anayegeuka ni mchoraji: mgongo wa samaki aliuchora akiwa amesimama upande wa omo, tumbo akiwa amepiga magoti upande wa pili. Alishika mkono wa kushoto fimbo iliyofungwa kitambaa nchani, akaiegemeza ubaoni, na mkono wa kulia ukateleza juu yake bila kugusa rangi mbichi. Hakuchora samaki mzima kwa chaki kwanza. Nilimwona akiweka nukta nne, akarudi nyuma hatua kadhaa, midomo yake ikawa inasema kitu kimyakimya, kisha brashi ikapita hewani mara mbili na kushuka. Mgongo ulitoka kwa mikupuo miwili, iliyokutana chini ya pezi. Mstari wa tumbo uliruka kidogo pale mbao mbili zinapoungana, ukatoka nje kuliko alivyokusudia. Aliuacha. Mwenye mtumbwi alipokuja, alizunguka, akasema rangi ya macho iongezwe, akalipa. Tangu hapo amepata kazi nyingine, nyingi za majina, chache za picha.

Yapo ambayo bado hayajakaa. Aliombwa na mama yake amchore bibi yao aliyefariki, kutoka kwenye picha ya kitambulisho. Manyoya yalirudi yote, kana kwamba hajawahi kushika peni. Mkono wake haujasahau. Jioni ileile alichora boti tatu safi. Kwenye uso wa bibi kila mstari una uzito ambao mgebuka hana, naye anaogopa kuamua mbele ya mama yake. Hili linanithibitishia zaidi kuliko jaribio lolote kwamba tatizo lilikuwa uamuzi tangu mwanzo. Simharakishi. Tumekubaliana achore sehemu moja tu kwa siku, mstari wa shavu mpaka kidevu, auseme kwanza kwa sauti, na karatasi abaki nayo yeye mpaka atakapotaka mwenyewe kuionyesha nyumbani.

La pili ni mdomo wa ndoo na beseni za dagaa, ule mviringo uliolala. Nusu yake ya juu inafuata mzunguko wa mkono na inatoka vizuri. Nusu ya chini, inayomjia kifuani, bado inatoka na kona pembeni mahali ambapo haipaswi kuwa na kona. Kwa sasa anachora nusu hizo kando kando, nusu ya chini akiwa ameigeuza karatasi juu chini ili nayo ifuate mzunguko uleule, kisha anaurudisha mviringo mzima kwa mwendo mmoja hewani kabla ya kuushusha.